Alama za X Nilizochora Sokoni

Nyie vijana mnaochapisha mabango kwa kompyuta mna raha yenu. Mteja akilalamika kwamba herufi ni ndogo, mnabonyeza kitufe, zinakua. Enzi zetu mteja akilalamika tulichukua msasa, tukafuta, tukaanza upya, huku tunamtukana moyoni na kumchekea usoni. Nimeandika vibao vya Mpanda kwa zaidi ya miaka thelathini. Saluni, zahanati, mashine za kusaga, makanisa, shule, milango ya malori. "Usikojoe hapa" nimeiandika mara nyingi kuliko jina langu, na sijawahi kuona kama inasaidia.

Siku hizi macho yamechoka. Binti yangu Rehema huwaambia watu kwamba baba amestaafu, mimi nawaambia nimekosa wateja, na sote wawili tunasema kweli. Sasa nyie vijana wa mtaa wa Majengo wenye mashine ya fleksi, hayo mabango ya plastiki, mmeniomba niwape siri za kazi, na kwa kuwa mmenipa chai na chapati mbili, nitazitoa zote. Moja inanitia aibu. Hiyo nayo nitaitoa, maana ndiyo yenye faida kuliko nyingine.

Tuanze na zile nyepesi. Usiandike kibao jua likiwa limekitazama usoni. Rangi itakauka juu na kubaki mbichi chini, kesho yake utakuta imekunjamana kama utando wa maziwa. Usianze kuandika kutoka kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Hesabu herufi, tafuta ya katikati, anzia hapo uende pande zote mbili. Mimi nilijifunza hilo kwa mgahawa mmoja karibu na stesheni, ambao herufi zake za mwisho nilizibana mpaka mwenye mgahawa akaniuliza kama nilikuwa nakimbia mvua. Na picha za vichwa kwenye saluni, msizicheke. Kuna mwaka nilimchora mchezaji mpira maarufu kwenye ukuta wa kinyozi, akatoka kafanana na diwani. Kinyozi alitaka kunipiga. Diwani alipopita akajiona, akafurahi, akawa ananyolewa pale pale mpaka kipindi chake kikaisha.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Melkiori, Mfipa aliyetoka Sumbawanga na mfuko wa brashi alizozitengeneza mwenyewe kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Alikuwa mfupi, mkali, na hakupenda maneno mengi. Kila kazi aliuliza maswali mawili kabla ya kuchovya brashi: kibao kitasimama wapi, na nani atakisoma. Mimi nilidhani anauliza ili ajue ukubwa wa herufi. Ni kweli, kibao cha barabarani kinasomwa na mtu aliye kwenye gari, kinataka herufi nene. Lakini katika kijiji cha Kibaoni niligundua kwamba swali lake lilikuwa na mambo mengine ndani.

Tulikwenda kule, nchi ya Wapimbwe, wakati wa mavuno ya mpunga, kuandika mashine za kukoboa. Bwana mmoja akatuita kwake, akataka tumwandikie ukutani: MCHAWI ASIPITE HAPA. Maneno matatu, kazi ya nusu saa. Fundi Melkiori akauliza, ukuta upi. Yule bwana akaonyesha ukuta wa nyuma, uliotazamana na mlango wa bibi mmoja mjane. Fundi akarudisha brashi kwenye mfuko. Siku ile hatukula mchana, na mimi nilimnunia njia nzima. Alichoniambia ni kimoja tu: "Sisi tutaandika nusu saa tuondoke. Yule mama atasoma kila asubuhi mpaka afe."

Nililielewa somo lile. Kuelewa na kutenda ni mambo mawili, nyie mtakuja kuona.

Mnaona Mpanda ilivyo sasa, lami, maofisi, bajaji zinazopita hata palipokuwa na mashamba ya mihogo. Haikuwa hivi. Tulipofanywa mkoa, watu waliingia kwa kasi. Walikuja wa ofisi, walikuja wa biashara, walikuja wenye ng'ombe, walikuja wenye trekta. Shamba ambalo baba yako alilima bila mtu kumuuliza likageuka viwanja, na viwanja vikawa na majina ya watu usiowajua. Kwa mwenye kitu ilikuwa neema. Kwa kijana asiye na kitu ilikuwa kama kuamka asubuhi na kukuta samani za watu wengine sebuleni kwako. Hasira yao ilikuwa na sababu, na anayewaambia haikuwa na sababu anawadanganya.

Mmoja wa wenye hasira alikuwa mpwa wangu Osca, mtoto wa dada yangu. Mama yake Mkonongo kama mimi, baba yake Mfipa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, anaendesha bodaboda ya mtu, na shamba la marehemu baba yake kule pembeni ya mji lilikuwa limeuzwa, hajui vizuri limeuzwaje. Alipata wenzake wakaunda kikundi, wakakiita Wazawa Kwanza. Mwanzoni walikuwa wakikutana kwenye kijiwe na kulalamika, na kulalamika si dhambi. Kisha wakaanza kutumiana ujumbe kwenye simu. Fulani si wa hapa. Fulani ana kizimba cha biashara sokoni wakati mzawa hana. Fulani ni Mrundi, ana shamba, kalipata wapi.

Hao waliowaita Warundi ni majirani zetu. Wazazi wao walikimbia vita, wakaletwa kwenye makazi huku kwetu, wakalima pori likawa mashamba. Wengi wa watoto wamezaliwa hapa hapa, na siku hizi ni raia wa Tanzania wenye vyeti. Maharage na mihogo tunayokula, mengi yametoka kwenye jembe lao. Tulijua yote hayo, lakini mtu mwenye hasira humtafuta aliye karibu na asiye na mjomba serikalini.

Siku moja Osca akaja karakana kwangu na wenzake watatu. Mmoja Mbende, mmoja Mnyamwezi, mmoja Mfipa kama yeye. Wakati ule fleksi zilikuwa zimeshaingia na mimi nilikuwa na wiki mbili sijachovya brashi. Nikawakaribisha kama mabwana harusi.

"Mjomba, tunataka kibao kikubwa," Osca akasema. "Andika: Vizimba vya wazawa tu."

"Wazawa akina nani?" nikauliza. Sikuwa na nia yoyote nzuri, msinisifu bure. Nilitaka kujua kama kuna maneno mengine ya chini, maana ubao ulikuwa wa futi nne.

"Si sisi," akasema yule Mbende. "Wabende, Wakonongo, Wapimbwe. Wenye nchi."

Mnyamwezi akageuka. "Na mimi?"

"Nyie mmekuja na reli."

"Reli ameijenga babu yangu! Wewe babu yako alikuwa anaikimbia akidhani ni mnyama!"

"Haya, na Wafipa?" akauliza yule Mfipa wa pili, akimwangalia Osca, na Osca akajikuna shingo. Wakajaribu kusema waliokuja kabla ya ule mgodi wa Wazungu. Ikaonekana nusu ya wanakikundi wanabaki nje ya hesabu. Wakajaribu kusema wenye babu waliozikwa hapa. Mnyamwezi akasema wake kazikwa hapa, kaburi lipo, twendeni akaonyeshe. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nimekaa na chaki mkononi, nimeshapiga mistari, nasubiri maneno.

Mwisho Osca akapiga meza. "Basi tusiandike nani mzawa. Tuweke alama kwa wasio wazawa."

Hapo hapo wakakubaliana. Ugomvi wa saa nzima ukaisha kwa dakika moja, na kila mmoja akawa anataja majina kwa furaha. Vikatoka vizimba kumi na kimoja. Wakaniambia nichore X nyekundu kwenye ubao wa mbele wa kila kimoja, ili Jumamosi, siku sokoni kunajaa, wapite na kuwatoa wenyewe na mizigo yao. "Ni uhakiki tu, mjomba," Osca akasema. "Wenye haki zao watarudi."

Nilijua. Sitawaambia kwamba sikujua. Nilijiambia ni X tu, haina hata herufi, na kwamba nisipochora mimi atachora mwingine. Jumapili watu walipokuwa ibadani nikaingia sokoni na kopo la rangi nyekundu ya mafuta. Na kwa kuwa mimi ni fundi, sikuzichora ovyo. Nilitumia rula. Nilizipa ncha kali na unene sawa. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua tatu kuziangalia, nikaridhika nazo, na mpaka leo ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote.

Jumatatu asubuhi mwanamke mmoja akaingia karakana akiwa amejitwika ubao kichwani. Alikuwa Mama Imani, jina lake Anonsiata, muuza maharage. Mjane, watoto wanne, amezaliwa kwenye makazi na ameapa uraia. Alikuwa ameubandua ubao wa mbele wa kizimba chake na kupita nao Majengo yote, X ikiangalia watu. Akauweka juu ya meza yangu.

"Fundi, hii ni kazi yako?"

"Mama Imani, mtu yeyote anaweza kuchora X."

"Anaweza. Lakini hawezi kuinyoosha hivi."

Akavuta stuli akakaa, bila kukaribishwa, na kufuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Nina cheti," akasema. "Kipo kwenye nailoni chini ya godoro. Nifanyeje nacho? Nikibandike usoni? Mtoto wangu ameona alama hii akaniuliza, mama, tunabomolewa? Nikamwambia hapana, ni kizimba tu. Akaniuliza, tumefanya nini? Hilo sikujua kumjibu. Nikasema nije nikuulize wewe uliyechora. Tumefanya nini?"

Nyie, nimetukanwa na wateja wengi. Nimewahi kumwagiwa rangi na mwenye gesti. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali nikakosa pa kuweka macho kama siku ile. Nikamwambia hawajafanya kitu. Akasema, "Basi ufute," akaondoka, akauacha ubao.

Sasa hapa ndipo penye siri ya ufundi, sikilizeni. Rangi nyekundu ya mafuta ikiingia kwenye ubao mkavu ambao haukupakwa kitu, haitoki. Inanywewa. Ukikwangua, unakwangua mbao. Na ukiipaka nyeupe juu, inapenya. Nilikuwa nalijua hilo tangu enzi za Fundi Melkiori, lakini aibu ilinifanya nikimbie. Jumatatu hiyo hiyo jioni nikaurudisha ubao wa Mama Imani sokoni, nikapita na nyeupe, nikafunika X zote kumi na moja, nikalala usingizi mzuri. Jumatano asubuhi X zote zimerudi, safari hii za pinki.

Soko zima lilicheka. Mama Sikitu, muuza nyanya wa jirani na Mama Imani, Mkonongo mwenzangu mwenye mdomo usio na breki, akaniita kwa sauti ya kusikika mpaka stendi. "Baba Rehema! Hizi X zimepauka, au hawa sasa ni wageni nusu?"

Dawa ya nyekundu ni silva, ile rangi ya fedha wanayopaka mapipa na mageti. Silva inafunga, nyekundu haipiti. Alhamisi nikanunua kopo na kuanza na kizimba cha kwanza. Nikiwa hapo Osca akafika na pikipiki, hakuizima.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Nafuta kosa langu."

"Ni kazi yetu hiyo. Tulikupa wewe."

"Mlinipa, na mimi nikaikubali. Ndiyo maana nafuta mimi."

Akazima pikipiki. Macho yalikuwa mekundu, na niliona kwamba hajalala vizuri siku nyingi. "Mimi sina shamba, mjomba. Baba kazikwa kwenye shamba ambalo sasa lina uzio wa mtu. Mama analima vibarua. Hawa wana vizimba. Wewe unawahurumia wao, mimi nani ananihurumia?"

"Huyu muuza maharage ndiye aliyeweka uzio?"

"Wote ni wale wale."

"Osca, mimi ni mjomba wako. Nionyeshe uzio, nitakwenda na wewe kwa mwenye uzio. Hapa hapana uzio, kuna debe la maharage."

Akanitazama kama ninamzuia njia. "Jumamosi tunakuja, alama ziwepo zisiwepo," akasema, akawasha pikipiki. Nilimpenda yule mtoto tangu akiwa anatambaa, na siku ile nilimwogopa.

Ijumaa mchana vizimba vyote kumi na kimoja vilikuwa vimefunikwa silva, vinang'aa, na hakuna pinki. Nikakaa kwenye kreti la soda, nimefurahi. Mama Sikitu akaja, akashika kiuno, akaangalia safu nzima kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Baba Rehema, una akili kweli? Juzi ulikuwa umewatia alama nyekundu. Leo umewatia alama ya fedha."

Nikaangalia. Wallahi, kumi na kimoja vinang'aa, na vingine vyote vimefifia. Ungeviona kutoka barabarani. Nimefanya kazi miaka thelathini ya kufanya kitu kionekane, na siku niliyotaka kuficha nikafanya kionekane zaidi.

Nikashika kichwa. Mama Sikitu akanipiga bega. "Paka na changu."

Nikapaka chake. Muuza ugoro, mzee mmoja wa Kibende, akasema kama ni bure basi na chake. Muuza dagaa akauliza kama silva inazuia mchwa. Nikasema inazuia, Mungu anisamehe. Wengine walikuja kwa moyo, wengine walikuja kwa bure, na siwezi kuwagawa. Kopo likaisha, nikaenda kuchukua jingine. Lile nalo likaisha, nikachanganya na tepentaini mpaka ikawa maji, wa mwisho wakapata mstari wa unene wa kidole. Lakini kufikia saa kumi na moja jioni hapakuwa na kizimba katika safu zile kisicho na fedha.

Wakati napaka, Mama Sikitu aliniambia jambo ambalo nimelitafakari sana tangu siku ile. Pale sokoni Mkonongo na Mfipa, Mnyamwezi na Mbende, wanataniana toka asubuhi, na msibani mtani ndiye anayefanya vituko watu wapate kupumua. "Huyu mwenzetu," akasema, akimwonyesha Mama Imani kwa kidevu, "tumekaa naye miaka yote, hakuna aliyewahi kumtania. Tunamsalimia vizuri tu. Shikamoo, marahaba, imeisha. Ndiyo maana walipomchora hatukuona haraka."

Jumamosi wakaja, vijana kama kumi na watano, fimbo mkononi. Mwenyekiti wa soko alikuwa amepata safari ya ghafla. Mimi nilisimama karibu na kizimba cha Mama Imani. Wakaingia safu ya kwanza, wakasimama. Wengi wao hawakuwa watu wa soko. Walitegemea alama. Sasa wanaangalia wanawake wa kitenge na wazee wa kofia, mbele yao fedha tupu, na mtu mmoja hana tofauti na mwingine.

"Nani mgeni hapa?" akauliza aliyekuwa mbele.

Mama Sikitu akanyoosha mkono kama yupo darasani. "Mimi. Nimeingia saa kumi na mbili asubuhi."

Mzee wa ugoro akasimama. "Mimi nilikuja jana, nikaenda kulala, leo nimekuja tena. Mniandike mara mbili."

"Mbuzi huyu ametoka Inyonga," akasema muuza nyama. "Hana kitambulisho. Mnamtoa?"

Watu wakacheka, na hata vijana wawili watatu wakacheka wakaziba midomo. Nilidhani limekwisha. Lakini kijana mmoja, ambaye kichekesho kwake kilikuwa tusi, akamfuata mama mmoja aliyekuwa anamjibu kwa Kiswahili kizito, cha kujikwaa. Akasema, "Huyu hapa, sikieni anavyoongea," akapiga teke ndoo yake. Maharage yakamwagika njia nzima.

Yule mama alikuwa Mpimbwe wa Kibaoni. Babu zake walikuwa hapa kabla ya reli, kabla ya mgodi, kabla ya sisi wengine wote. Akaanza kulia kwa lugha yake, na Osca, ambaye alikuwa nyuma, akaisikia lugha hiyo na akaitambua. Niliuona uso wake. Alikuwa kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Mama Imani ndiye aliyetoka kwanza. Akapiga magoti, akaanza kuokota maharage ya mwenzake, punje kwa punje, akiyapuliza vumbi. Mama Sikitu akapiga magoti. Wakafuata wengine. Na Osca akaweka fimbo chini, akachuchumaa upande wa pili wa ndoo. Hakusema samahani, na yeye Mama Imani hakumwangalia. Waliokota kwa kukutanisha mikono kwenye ndoo ile ile mpaka ikajaa. Wale wengine walisimama kidogo, wakaona hawana la kufanya, wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Msinielewe vibaya. Maneno ya kwenye simu hayakuisha siku ile, na wapo ambao mpaka leo wanapita sokoni wakitema mate. Lakini hakuna kizimba kilichotolewa. Osca alijitoa kikundini, na Jumatatu nilitimiza ahadi, tukaenda pamoja baraza la ardhi la kata. Huko tukakuta karatasi ya mauziano ya shamba la baba yake, na jina la muuzaji lilikuwa la baba yake mdogo, mzawa wa wazawa. Osca aliisoma mara tatu. Kesi ile imechukua muda mrefu, lakini kipande alichorudishiwa kinamtosha kulima, na msimu huu amevuna mahindi.

Iliyobaki ni hesabu yangu na Mama Imani. Wenye vizimba walianza kuniita niwaandikie juu ya ile silva, NYANYA ZA MAMA SIKITU, UGORO SAFI, na kadhalika, na nikapata kazi ya miezi miwili bila kompyuta ya mtu. Kwake nilikwenda wa kwanza kabisa. Nikamwambia nitamwandikia bora kuliko wote, kwa herufi zenye kivuli, na asinilipe.

Akatikisa kichwa. "Usiandike kitu."

"Watu watajuaje unachouza?"

"Watayaona maharage." Akapanga vikombe vyake vya kupimia, kisha akasema bila kunitazama, "Fundi, tangu nizaliwe watu wananiandika. Kwenye kadi, kwenye namba ya nyumba, kwenye fomu. Halafu wewe na X yako. Nimechoka kuandikwa."

Kizimba chake kikabaki fedha tupu katikati ya vizimba vyenye majina. Kila nilipopita kilikuwa kinanisema. Sikumsumbua. Nikawa nanunua maharage, tunasalimiana, na Mama Sikitu, aliyekuwa amejiteua kuwa mtani wake, anamwambia maharage yake hayaivi mpaka uyasomee misa. Siku ya kwanza Mama Imani alishtuka. Wiki ya pili alimjibu kwamba nyanya za Mama Sikitu zimezeeka kuliko mwenyewe. Nilikuwepo, na nilimwona mzee wa ugoro akicheka mpaka akapaliwa na bidhaa yake.

Kisha mwaka huu, mvua zilipokatika, aliniita. Alikuwa amesimama mbele ya kizimba mikono kiunoni.

"Una rangi ya bluu?"

"Ninayo. Nikuandikie nini?"

"Niazime brashi."

Nikampa. Nikataka kumpigia mistari ya chaki, akasema hataki. Nikataka kumwambia aanzie katikati, nikameza maneno. Kazi yangu ilikuwa kushika kopo. Herufi ya kwanza ikaanguka kushoto. Ya pili ikatoka kubwa kuliko ya kwanza, ya tatu ikachuruzika. Mkono wangu ulikuwa unacheza wenyewe, nyie mafundi mtanielewa, lakini niliushika kwenye kopo. Alikwenda taratibu, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, na nafasi ilipomwishia akamalizia neno chini, bila wasiwasi. MAHARAGE MAPYA YAPO. Watu walikuwa wamesimama kuangalia.

Rangi haijakauka, akafika mteja, dada mmoja mgeni wa mji aliyevaa kitambulisho cha ofisi shingoni. Akasoma kibao, akatabasamu, akaniangalia mimi na kopo langu.

"Mama, nani amekuandikia?"

"Hakuna aliyeniandikia," akasema Mama Imani, akinirudishia brashi yangu. "Unataka kilo ngapi?"